Nilienda Kukatwa Tumbo, Nikaambiwa Sijanenepa Vya Kutosha

Leo sina umbea wa mtu, nina wa kwangu mwenyewe.

Mnamkumbuka yule dada wa Bongo Muvi aliyeondoka hapa mjini kibonge, akarudi baada ya miezi na kiuno cha nyigu? Simtaji. Yeye alisema ni maji ya tangawizi na ndimu tu. Mlimchamba humu mpaka basi, na mimi nikawa nachochea kuni. Kumbe usiku nilikuwa nahangaika kutafuta namba ya daktari wake.

Mimi nina kilo 86, urefu sentimita 160. Kuitwa bonge nimeshazoea, hainiumizi sana. Kinachonitisha ni mama. Mama ana kisukari, na mwaka juzi alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kidonda nilikuwa naosha mimi. Kila nikiosha, macho yanaenda kwenye miguu yangu.

Basi nikajichanga, nikaenda hospitali moja. Akilini mwangu ni hela tu: ukiwa nazo unalazwa, unakatwa, unarudi umepungua. Dokta akanipandisha kwenye mizani, akanipima urefu, akabonyeza kalkuleta. "Dada, una 33.6. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, sisi tunaanzia 35."

Hiyo ndiyo BMI. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi ni 86 gawanya kwa 2.56. Zamani ilikuwa ngumu zaidi: mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka ufike 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 madaktari wa upasuaji huu wakashusha, ikawa 35 hata kama huumwi, na ukiwa na kisukari cha ukubwani unaweza kufikiriwa kuanzia 30. Hospitali nyingine bado zinafuata ule wa zamani, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujauza simu.

Mimi nikapiga hesabu palepale. Ili nifike 35 nahitaji kilo 89.6. Yaani kilo tatu na nusu hivi. Jamani, chips mayai za mwezi mmoja tu!

"Dokta, nikiongeza kilo nne nirudi?"

Nilikuwa nacheka ila sikuwa natania. Yeye hakucheka. Akaanza kuniuliza mambo mengine. Nimeshajaribu kupunguza kwa chakula, kwa muda gani? Navuta sigara? Usiku nakoroma, nashtuka kama nimekosa pumzi? Nategemea kupata mtoto lini? Maana ukishakatwa unatakiwa usubiri mwaka mpaka mwaka na nusu ndipo ubebe mimba, na vidonge vya vitamini ni vya maisha. Tumbo la chakula lenyewe wanaondoa karibu asilimia 80, linabaki kama ndizi, na halirudishwi. Halafu akaniuliza, "Ukiwa na mawazo unakula?" Hapo nikanyamaza. Ningejibu ningelia.

Akaandika kipimo cha sukari, nije kesho yake asubuhi sijala kitu.

Sasa hapa ndipo naona aibu kuandika. Nimekaa kwenye benchi la maabara, nimeshika pamba kwenye kidole, nikajikuta naomba sukari iwe juu. Mimi, mtoto wa mama yule. Naomba ugonjwa uliomla mama vidole ili na mimi nipewe kiuno.

Ikatoka 5.1. Safi kabisa. Na aisee niliumia, nikatoka pale kama mtu aliyefeli mtihani.

Nyumbani mama akaniuliza, "Vipi mwanangu, wamesemaje?" Nikamwambia, "Sina sukari, mama." Akaweka sahani chini, akanyanyua mikono yote miwili, "Alhamdulillah! Alhamdulillah!" Mimi nikajifanya naenda kuchota maji.

Mama bado hajui nilienda kutafuta nini. Mchumba wangu anajua nusu. Dokta kanipangia mtu wa lishe na mshauri wa mambo ya akili, nirudi baada ya miezi mitatu, na kasema nikirudi nimeongezeka makusudi atanijua tu.

Chips mayai nilinunua siku ileile, sitawadanganya. Nilikula nusu.

Jumatatu hii nimepanda mizani ya pale duka la dawa mtaani, 85.4. Sasa nyie mlioenda kweli, sio mliosimuliwa, semeni hapo chini mliambiwa mfike ngapi na mliulizwa nini. Na yule dada mwacheni.