Kimombo kinatushinda kwenye "get"

Waungwana, leo naomba tuzungumzie kimombo kidogo. Sina maana ya kile cha maneno marefu tunachopenda kurushiana kwenye warsha na semina. Maneno marefu hayana shida. "Photosynthesis" ukishaielewa, umeielewa. Ina maana moja, leo na kesho, Dodoma na London. Kasheshe ipo kwenye vijineno vya herufi tatu: get, set, run, put.

Chukua "get". Shuleni tuliambiwa get ni kupata, tukaandika kwenye daftari, tukapiga mstari. Nimepata barua: "I got a letter." Safi kabisa. Halafu unakutana na Mwingereza. Anakwambia "I get you", kumbe amekuelewa. "Get up", amka. "Get out", toka. "Get on the bus", panda basi. "It's getting dark", giza linaingia. "Get over it", yameisha hayo, songa mbele. Sasa ule upataji wetu wa kwenye daftari umekwenda wapi?

Msidhani ni sisi tu tunaohangaika. Wenyewe wenye lugha yao wanatoka jasho. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote ni "set". Kitenzi hicho peke yake kilipewa maana zaidi ya 400. Baadaye wahariri wakaanza kuipitia kamusi upya, na mwaka 2011 ikajulikana kuwa "run" imeipita: maana 645 za kitenzi tu! Mhariri Peter Gilliver alilishughulikia neno hilo kwa miezi tisa. Miezi tisa, jamani. Watu wanapata mtoto kwa muda huo.

Sisi wa vyumba vya habari "run" tunaijua vizuri, maana habari za mashirika ya nje zinatufikia kwa Kiingereza na tunatakiwa kuzigeuza haraka. Mwanasiasa "is running", hayupo mazoezini, anagombea. Gazeti "ran the story", halikukimbia na habari, liliichapa. "A run on the bank" ni watu kukimbilia benki kutoa fedha zao kwa hofu kwamba itafilisika. Mama "runs a shop", ana duka lake na analiendesha. Na pua nayo "runs". Hiyo mnaijua.

Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitoa Kiingereza chepesi alichokiita Basic English. Maneno 850 tu, vitenzi 18 tu, get ikiwemo. Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi, wiki chache tumemaliza. Lakini ujanja wake ulikuwa kuvifanyisha kazi ya punda vile vitenzi vichache. Badala ya "surrender", sema "give up". Badala ya "extinguish", sema "put out". Kwangu mimi huo si wepesi. Give ni toa, up ni juu. Toa juu? Ogden alihesabu maneno, hakuhesabu maana.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya kuchekesha tu. Hapana. Fikirieni mtoto aliyemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya kawaida ya serikali. Masomo yake alifundishwa kwa Kiswahili. Anaingia Form One, kila kitu kinageuka. Yale maneno machache anayoyajua ndiyo yanamsaliti. "Table" anajua ni meza, kwenye hesabu inakuwa jedwali. "Mean" anajua ni maana, inakuwa wastani. "Power" ni nguvu, inakuwa kipeo. Kwenye mtihani anaambiwa "State three reasons", anaanza kutafuta nchi. Anaambiwa "Account for the outbreak of the Maji Maji War", akaunti anayoijua ni ya benki. Muulize mtoto huyo huyo kwa Kiswahili kwa nini watu walipigana na Wajerumani mwaka 1905, atakueleza mpaka jua lizame. Hakushindwa historia. Ameshindwa "account for". Na sisi tunamwita kilaza.

Wala Kiingereza hakina laana. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anaambiwa piga ni "hit", halafu anatusikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Anadhani nchi nzima ina vurugu! Neno linalotumika kila siku ni kama panga la kijijini. Linakata kuni, linafyeka majani, linafungua dafu. Nani atakuandikia kazi zake zote?

Kwa hiyo tuache kuwafundisha watoto neno moja moja kama linaishi peke yake. Get isikaririwe bila rafiki zake: get up, get off, get lost, kila moja ndani ya sentensi nzima. Kama una mdogo wako anayeingia Form One Januari, kabla hujamnunulia kamusi nene, kaa naye jioni moja na karatasi za mitihani ya zamani. Mpitishe kwenye state, account for, mean, table. Hivyo vinne tu kwa kuanzia.