Neno la Ustahimilivu Mjini Edinburgh

Katika mji wa Edinburgh, nchini Uskoti, barabara kuu ya kale huteremka kutoka ngome iliyo juu ya jabali hadi kasri ya Holyrood. Upepo wa baridi utokao baharini hupenya vichochoro vyake, nao wenyeji wana neno lao la kale la kuukabili: "thole", maana yake kustahimili. Hustahimiliwa baridi, maumivu ya jino, hata msiba.

Neno hilo limeingia mahakamani pia. Mtu aliyekwisha kushtakiwa na kesi yake kukatwa husemwa kuwa ameistahimili hukumu. Hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Hiyo ni ngao ya raia mbele ya dola.

Lakini kando ya barabara hiyo ipo baa iitwayo World's End. Mwezi Oktoba 1977, wasichana wawili wa miaka 17 walionekana humo kwa mara ya mwisho, kisha wakakutwa wameuawa. Angus Sinclair alishtakiwa mwaka 2007, jaji akaifuta kesi kwa upungufu wa ushahidi. Ngao ikamkinga. Sheria ya mwaka 2011 ikaruhusu kesi kurudiwa panapopatikana ushahidi mpya wenye nguvu, na mwaka 2014 akatiwa hatiani.

Jamaa za wasichana wale zilikuwa zimestahimili miaka 37, na hapakuwa na sheria ya kuwaambia kwamba imetosha.