Barafu ya Kibo na Maji ya Mfongo

Ukipata siku moja kusafiri kwenda Moshi, usifanye kosa nililofanya mimi la kufika jioni na kutazamia kuuona mlima. Nilishuka katika basi saa kumi na moja, mwezi wa Septemba, nikainua macho kuelekea kaskazini, nikaona mawingu matupu. Mama mmoja auzaye ndizi pale kituoni akanicheka, akasema, "Mgeni, Kibo huamka mapema kuliko wewe. Mtazame saa kumi na mbili asubuhi." Nikapanda gari jingine kwenda kwa dada yangu, aliyeolewa upande wa Marangu, nikafika giza limekwisha kuingia.

Asubuhi nilitoka nje na shuka begani. Kibo alikuwa wazi kabisa, yu karibu kana kwamba ningeweza kumtupia jiwe. Lakini sikuiona ile kofia nyeupe niliyoizoea katika vitabu. Niliona vipande vyeupe vichache, kimoja huku na kingine kule, kama unga uliobaki kandokando ya sinia baada ya ugali kupikwa. Nilisimama kwa huzuni. Dada akaniita, "Kaka, chai inapoa," nami nikaona haya kusema kwamba nilikuwa nauhurumia mlima.

Sina budi kukiri jambo moja. Kabla sijawa karani wa parokia nilifundisha shule miaka minne. Kila mwaka nilichora ubaoni mlima wenye kofia nyeupe, na mishale ya buluu ikiteremka mpaka kwenye mashamba, nikawaambia watoto: theluji huyeyuka, na mito huzaliwa. Watoto walinakili. Wengine sasa wana watoto wao, na huenda wamewafundisha vivyo hivyo. Ngoja nikueleze jinsi mishale yangu ilivyofutwa.

Habari za barafu hii ni za zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona kwa mbali, akaandika habari zake Ulaya. Mabwana wengine wenye elimu huko walimkatalia, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Wao walikuwa wameketi vitini kwao. Watu wa hapa walikuwa wakiiona kila asubuhi. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Halafu mwaka 1912 Wajerumani wengine wakapima na kuchora ramani ya barafu yote. Kwa ramani hiyo twajua kwamba wakati ule ilifunika kilomita za mraba 11 na zaidi, yaani eka kama 2,800. Ilipopimwa mwaka 2011 kwa picha zilizopigwa kutoka angani, ilikuwa imebaki kilomita za mraba 1.76. Hizo hazifiki hata eka 440. Katika kila sehemu kumi, zaidi ya nane zilikuwa zimekwisha kuondoka.

"Nani amepanda akazipima eka hizo?" niliuliza. Aliyenijibu ni mpwa wangu, kijana asomaye mambo ya maji katika chuo kikuu, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo. "Mjomba," akasema, "siku hizi hupimwa na setilaiti." Akaketi nami juu ya gogo, akanieleza. Nami nakueleza wewe kama nilivyomwelewa.

Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu sana, nacho huizunguka dunia pasipo kuchoka. Ya kwanza ya jamii iitwayo Landsat ilirushwa na Marekani mwezi wa Julai 1972, na wadogo zake wangali wakifanya kazi, kwenye urefu wa kilomita 705 juu yetu. Kila moja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16. Picha zake zimejengwa kwa vitone, na kila kitone ni kipande cha ardhi cha mita 30 kwa mita 30, yaani pungufu kidogo ya robo eka. Kwa hiyo haimwoni mtu wala ng'ombe, lakini shamba huliona. Mtaalamu huhesabu vitone vyeupe kama wewe uhesabuvyo mistari ya migomba yako, akajua barafu ni eka ngapi.

Nikamwuliza, "Je, na mawingu? Nayo si meupe?" Mpwa wangu akafurahi sana, maana ndilo swali aliloulizwa na mwalimu wake. Kumbe mwanga wa jua una sehemu tusiyoiona kwa macho yetu. Wingu huurudisha mwanga huo, lakini theluji huumeza. Basi kwa jicho letu vyote viwili ni vyeupe, bali kwa jicho hilo la pili la setilaiti wingu hung'aa na theluji huwa nyeusi. Hapo hazifanani tena.

Kujua weupe uko wapi ni jambo moja, na kujua una maji kiasi gani ni jambo jingine. Kwa kazi hiyo vipo vyombo vinavyosikiliza mawimbi madogo kama ya redio yatokayo ardhini yenyewe. Theluji ikiwa nene, mawimbi hayo hupungua yakipita ndani yake. Nayo hupenya mawingu, usiku na mchana. Tena kulikuwa na setilaiti mbili zilizorushwa mwezi wa Machi 2002, zikifuatana kwa mwendo wa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikifika juu ya nchi yenye maji mengi au theluji nyingi, uzito ule huivuta kidogo, na nafasi kati yake na mwenzake hubadilika. Kwa kupima mabadiliko hayo madogo mno wataalamu waliweza kuyapima maji ya nchi nzima kama kwa mizani, hata yale ya chini ya ardhi. Ndivyo walivyogundua kwamba kaskazini magharibi ya India maji ya visima yanavutwa kuliko mvua inavyoyarudisha. Hizo mbili zilimaliza kazi mwaka 2017, na mwaka 2018 zikafuatwa na nyingine mbili. Lakini usidhani kwamba zaweza kukuambia habari za kisima cha kijiji chako. Nchi kubwa huziona, kijiji haziwezi.

Ziko nchi ambazo mishale yangu ya buluu ni kweli tupu. Katika bonde la mto Indus, Pakistan, mashamba mengi sana hunyweshwa kwa maji yatokanayo na theluji na barafu za milima ya juu. Huko setilaiti hutazama kila siku weupe ule ukipanda na kushuka, nao wataalamu hukadiria maji yatakayoingia katika bwawa la Tarbela wakati wa kiangazi. Mkulima wa huko ana haki ya kuiogopa theluji inayopungua.

Na mkulima wa Kilimanjaro je?

Siku ya pili mpwa wangu alinipeleka juu, kuufuata mfongo wao mpaka kwenye banio. Kwa msomaji wa nchi nyingine, mfongo ni mfereji mdogo uliochimbwa kwa jembe tangu zamani za mababu, ukiyachukua maji ya korongo na kuyaleta katika vihamba vya migomba na kahawa kwa zamu. Tulipita vihamba, tukapita masale yaliyopandwa mipakani, halafu ubaridi ukatushika. Msituni kila kitu kililowa, ingawa kilikuwa kiangazi na bondeni vumbi lilikuwa likipanda. Ndevu za miti zilining'inia matawini zikidondosha maji, tone kwa tone, na hapakuwa na mvua. Ulikuwa ni ukungu tu, ambao miti ilikuwa ikiukamata na kuugeuza maji.

"Sasa nionyeshe maji ya barafu," nikasema.

"Hayapo, Mjomba. Au ni haba mno." Akanieleza kwamba mvua nyingi ya mlima huu huangukia kwenye msitu, ambako upande wa kusini hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kule kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, ni kukavu. Mvua na theluji yake kwa mwaka haifiki hata milimita 300. Tena barafu yenyewe kwa sehemu kubwa haiyeyuki ikatiririka. Hewa ni baridi na kavu, jua ni kali, nayo hugeuka mvuke moja kwa moja, kama kafuri iliyowekwa sandukuni ipunguavyo bila kuacha hata tone. Tangu mwaka 2000 wataalamu walisimamisha kituo cha kupimia hali ya hewa juu ya barafu ile ile, na vipimo vyake vilisaidia kuyajua hayo. Maana setilaiti nayo yahitaji mtu wa chini wa kuishuhudia.

Niliketi juu ya jiwe. Nilikumbuka ubao wangu na chaki ya buluu.

Usinielewe vibaya: kupotea kwa barafu ile si jambo dogo. Ni dalili kwamba hali ya hewa imebadilika. Mwaka 2002 wataalamu wengine walisema yote itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande vingalipo, lakini hesabu nyingine iliyotolewa mwaka 2022 yasema havitaupita mwaka 2050. Mimi nitasikitika. Ila anayeinywesha migomba ya shemeji yangu ni msitu, na msitu nao una taabu yake. Wataalamu waliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000 waliona kwamba moto umekula sehemu kubwa ya miti ya juu kabisa, ile hasa ikamatayo ukungu.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya gogoni tu kama si mkutano wa mfongo uliokuwapo Jumamosi ile, chini ya mringaringa. Vijana wawili wenye vihamba vya mwisho, ambao zamu yao ya maji huja imechoka, walileta shauri. Walisema, "Redio inatangaza kila siku kwamba barafu inakwisha. Ikiisha, mfongo umekufa. Basi miti ya korongoni, hapo juu ya banio, tuipasue mbao sasa, fedha tugawane, kila mtu ajipatie tangi lake." Watu kadhaa waliguna kwa kukubali. Nami nakiri, kama ningaliulizwa siku tatu kabla, ningaliona wana akili.

Mpwa wangu akaomba ruhusa kwa wazee, akatoa simu yake, akaonyesha picha mbili za upande ule ule wa mlima, zilizopigwa miaka mbalimbali. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Mzee wa mfongo aliishika mbali na macho, akauliza, "Hiki cheusi ni nini?"

"Ni mahali palipoungua Oktoba 2020, Babu."

Mzee akatikisa kichwa. "Napajua. Moto ule ulizidi juma zima. Nilipeleka wajukuu wangu wakaupige kwa matawi." Kisha akawageukia vijana, akawauliza kama wanaujua mfongo wa zamani uliopita nyuma ya shule. Mmoja akasema ameona alama yake tu. "Mimi nilikunywa maji yake," mzee akasema. "Ulipokauka, barafu ilikuwa ingali kubwa kuliko leo. Lakini korongo lake lilikuwa limekwisha kukatwa miti."

Palikuwa kimya. Halafu kijana mkubwa akasema, kwa adabu lakini kwa sauti nzito, "Sawa, Mzee. Nami ada ya mtoto wangu Januari nitaitoa katika ukungu?"

Hakuna aliyemcheka. Wala sikusikia jibu lililomtosha. Walikubaliana tu kwamba zamu zipangwe upya, vihamba vya mwisho vipate maji ya usiku mara mbili kwa juma, na kwamba mti usikatwe kwanza. Mzee akachonga mti wa mkalitusi wenye alama sita, akausimika katika banio, ili maji yapimwe kila Jumamosi na kuandikwa katika daftari. Mimi, kwa kuwa ni karani, nilipewa kazi ya kuchora mistari ya daftari lile. Niliichora kwa furaha, nikaondoka kesho yake.

Mwezi wa Februari, kiangazi kilipokuwa kimepamba moto, dada alinipigia simu. Maji yalikuwa kwenye alama ya tatu, akasema, na daftari halijarukwa hata juma moja. Mti mmoja wa korongoni umeanguka. Wenyewe wanasema ni upepo. Shemeji alikwenda kuutazama, akakuta unga wa msumeno.