Siku binti wa kanisani aliponionyesha kadi ya njano

 

Leo sina mahubiri marefu. Nina ungamo. Jumamosi ya wiki iliyopita, mbele ya wazazi, wazee wa kanisa na watoto wanaonisikiliza kila Jumapili, mimi mchungaji wako nilionyeshwa kadi ya njano. Aliyenionyesha ni binti wa miaka 15. Na hakukosea.

Wengine wenu mlikuwepo na mmeshasimulia. Kabla hadithi haijatiwa chumvi zaidi, nisikilize mimi mwenyewe.

Unajua ligi yetu ya watoto, ile tunayoiendesha wakati wa likizo kwenye uwanja wa shule ya msingi nyuma ya kanisa. Mwaka wa kwanza shida yetu kubwa haikuwa mipira wala jezi. Ilikuwa refa. Hatukuwa na pesa za kuwaita marefa kila Jumamosi, kwa hiyo baba yeyote aliyekuwa karibu alipewa kipenga. Unajua kilichofuata. Akipuliza, anaambiwa anampendelea mwanawe. Asipopuliza, anaambiwa amenunuliwa. Mechi mbili ziliishia kwa wazazi kushikana mashati, na watoto wamesimama wanatazama.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu, mtu aliyechezesha mpira kwa miaka mingi, akanijia baada ya ibada. Akasema, "Pasta, marefa unao. Wako hapo wanacheza." Alimaanisha wachezaji wetu wakubwa, wavulana na wasichana wa miaka 14 na 15. Wafundishwe, kisha wawachezeshe wadogo zao.

Hatukulibuni jambo hili sisi. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA kilianzishwa mwaka 1987, na vijana wa mtaa wenyewe wamekuwa wakiendesha ligi zake na kuchezesha mechi. Timu hupata alama hata kwa kusafisha mtaa. Nilipolisikia hilo nikasema, kama Mathare imewezekana, hapa kwetu kuna nini?

Basi tukaanza. Jumamosi sita, asubuhi darasani, mchana uwanjani. Nilikaa nyuma kama mwanafunzi, na nakuambia nilijifunza mengi.

Mzee alianza na kipenga. Watoto wengi walipuliza kama wanaoomba ruhusa. Akawaambia, "Faulo ndogo, mlio mfupi. Penalti, mlio mrefu wenye nguvu. Ukipuliza kwa woga utaulizwa maswali hata kama hukukosea." Akawafundisha ishara: mikono yote miwili mbele maana yake umeona faulo lakini unawapa faida walioonewa, mchezo uendelee. Akawapitisha katika sheria zote 17 za mpira. Wengi walishangaa kujua kwamba mpira ukitoka moja kwa moja kwenye kurusha au kwenye kona hakuna kuotea, ilhali miaka yote wamekuwa wakimpigia refa kelele za ofsaidi hata mpira unaporushwa.

Nami nilikuwa nikizipiga kelele hizo hizo, tangu ujana wangu.

Jambo moja alilirudia kila wiki. Alisema, "Ukigundua umekosea, badilisha uamuzi wako, mradi mchezo haujaanzishwa tena. Ukishaanzishwa, umepita. Kwa hiyo usione haya kumwendea mshika kibendera ukamuuliza aliona nini." Sheria ndivyo ilivyo, refa anaweza kurekebisha uamuzi kabla mchezo haujaendelea. Nililiandika hilo katika daftari langu la mahubiri. Sikujua nitalihitaji mwenyewe.

Siku ya mwisho aliwasimulia habari za Salima Mukansanga wa Rwanda. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, mama huyo alisimama katikati ya uwanja Zimbabwe ikicheza na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mzee akawaambia, "Hakuna anayeanzia Yaoundé. Watu huanzia kwenye uwanja wenye mashimo kama huu." Nilimwona binti mmoja kwenye kiti cha mbele akikaa wima.

Mpendwa, nilichokiona kwa vijana wale baada ya hapo ni ushuhuda. Tuna mshambulizi mmoja ambaye alikuwa hawezi kucheza dakika tano bila kumtukana refa. Mechi yake ya kwanza kuchezesha ilikuwa ya watoto wa chini ya miaka 10. Mama mmoja alimpigia kelele moja tu, "Refa kipofu!" Mapumziko tulimkuta nyuma ya darasa anafuta machozi. Mzee hakumhubiria. Alimpa maji, akamwambia jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja la kurekebisha, akamrudisha uwanjani. Tangu siku ile, kijana yule akipigiwa faulo akiwa mchezaji, anainua mkono na kuuacha mpira. Siyo kila siku, nisikudanganye. Lakini amejua mwenye kipenga husikia nini.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Jumamosi ile timu yetu ya chini ya miaka 13 ilikuwa inacheza na wageni kutoka kanisa jirani. Kocha wetu alisafiri, kwa hiyo nikakaa mimi kwenye benchi. Kanuni yetu ni kwamba hakuna kijana anayechezesha timu ya kanisa lake. Lakini refa aliyepangwa aliugua, na wageni kwa wema wao wakakubali binti yetu, yule wa kiti cha mbele, ashike kipenga.

Hapa ndipo nataka uelewe moyo wangu, maana kosa langu halikuanzia kwenye kelele. Nilipoona ni yeye, nilifurahi. Nikasema moyoni, "Huyu ni wetu." Sikumwambia neno. Sikumpa chochote. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamhesabu upande wangu. Mimi, mchungaji.

Zilikuwa zimebaki dakika chache na hakuna aliyefunga. Mshambulizi wao akapiga shuti, mpira ukamgonga beki wetu ndani ya eneo la hatari na kutoka nje. Binti akaonyesha kona. Nikashusha pumzi. Kisha akaona kibendera cha msaidizi wake kimeinuliwa. Akamwendea, wakazungumza kidogo, akarudi, akapuliza ule mlio mrefu wenye nguvu. Penalti.

Uwanja ukalipuka. "Amebadilisha! Amenunuliwa!" Na sauti moja ilizidi zote. Ilikuwa sauti ambayo wewe unaijua kutoka madhabahuni. Niliingia uwanjani nikimnyooshea kidole. "Mpira ulimfuata mkono! Hakukusudia! Wewe, unajua unachofanya?"

Akasimama. Nikaona mikono yake inatetemeka. Akasema kwa sauti ndogo, "Pasta, naomba urudi nyuma ya mstari." Sikurudi. Nikasema neno lingine ambalo sitaliandika hapa. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi.

Tangu mwaka 2019 sheria za mpira zinamruhusu refa kumwonyesha kadi hata kocha na watu wa benchi. Najua, kwa sababu nilikuwa nimekaa darasani siku walipofundishwa. Nilirudi kwenye benchi kimya. Tukafungwa hiyo penalti, tukashindwa bao moja kwa bila.

Jioni beki wetu alinijia mwenyewe. Ana miaka 12. Akasema, "Pasta, mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa." Basi. Sheria haiulizi tu kama ulikusudia. Inauliza pia kama mkono ulikuwa mahali pasipo pa kawaida, ukaufanya mwili uwe mpana zaidi. Mtoto alijua. Mshika kibendera alijua. Refa alijua. Asiyejua alikuwa ni mchungaji peke yake, na hata mimi, nikisema kweli mbele za Mungu, sikuwa nimetaka kujua.

Saa mbili usiku simu ikaita. Ni mama yake binti. Kwa heshima kubwa akaniambia, "Pasta, utusamehe. Mtoto amekataa kula. Anasema kesho hawezi kuja ibadani kwa sababu amekukosea."

Amekukosea. Mpendwa, neno hilo lilinichoma. Mtoto amefanya haki, ameifanya dhidi ya timu ya kanisa lake, mbele ya mchungaji wake, halafu analala na njaa akidhani ametenda dhambi. Ni nani aliyemfundisha hivyo? Siyo Biblia. Ni mimi, kwa dakika mbili pale uwanjani.

Nilivaa koti nikaenda. Mama Mchungaji alinisindikiza. Tulipokaribishwa, binti alisimama kunisalimu akitazama chini. Nikamwambia, "Mwanangu, hukunikosea. Mimi ndiye niliyekukosea wewe, na nimekuja kukuomba msamaha." Akanyamaza sana. Kisha akauliza swali moja tu, "Pasta, ilikuwa penalti?" Nikamjibu, "Ilikuwa penalti." Akasema, "Sawa." Akaenda jikoni, tukasikia anajipakulia ugali. Mama yake akacheka huku analia.

Jumapili, kwa ruhusa yake, niliungama mimbarini bila kutaja jina lake. Na leo nakuandikia wewe ambaye hukuwepo, au ulikuwepo ukapiga kelele pamoja nami.

Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 1. Musa alipowaweka waamuzi juu ya Israeli, aliwaagiza wampe mdogo na mkubwa sikio moja, na wasitishwe na mwanadamu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu. Mimi nimelihubiri andiko hilo mara nyingi. Kila mara nilidhani linawahusu mahakimu wa Nairobi. Sikudhani linamhusu binti wa kidato cha pili mwenye kipenga cha plastiki. Na sikudhani yule mwanadamu wa kumtisha ningekuwa mimi.

Ukimaliza, soma 2 Samweli 12. Nathani aliingia kwa mfalme na kumwambia kosa lake usoni. Daudi alikuwa na askari, na angeweza kumfukuza. Badala yake alikubali kwamba ametenda dhambi. Ukuu wa Daudi siku hiyo ulikuwa katika kukubali kuambiwa.

Tunawafundisha watoto wetu kusema kweli. Tunawapeleka shule ya Jumapili, tunawapa kumbukumbu ya mistari. Halafu siku kweli ile inapotugusa sisi, tunawaadhibu. Mtoto anayesema, "Mama, umenihukumu kabla hujanisikiliza," tunamwita mjeuri. Kijana wa kwaya anayeuliza pesa za sare zimeenda wapi, tunasema ana roho ya uasi. Kisha tunashangaa wakikua bila uti wa mgongo, wakipewa ofisi na kuchukua hongo. Tuliwafundisha wenyewe kwamba aliye "wetu" hapuliziwi kipenga.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwako.

La kwanza, kama una kijana anayependa mpira, mlete ajifunze kuchezesha. Hatumtupi kwa simba. Ataanza na watoto wadogo, mzee wetu atakuwa kando yake, na atapewa nauli na chakula.

La pili, ukija uwanjani, shangilia watoto. Ukiwa na lalamiko, mwambie mzee, usimwambie mwenye kipenga. Tumechora mstari wa chokaa hatua tatu kutoka uwanjani, na hakuna mtu mzima atakayeuvuka, mimi nikiwa wa kwanza.

La tatu ndilo gumu. Kuna mtu uliyemfokea kwa sababu alisema kweli. Pengine ni mwanao, pengine ni mfanyakazi wako wa nyumbani, pengine ni mke wako. Unajua alikuwa sahihi. Mwendee leo. Uamuzi unaweza kubadilishwa kabla mchezo haujaanzishwa tena, na hujui kipenga cha kuuanzisha kitapulizwa lini.

Jumamosi hii binti yetu anachezesha saa nne asubuhi, mechi ya timu mbili za wageni. Nitakuwepo, nyuma ya chokaa.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Utusamehe tulipowatisha ili wanyamaze. Wape ujasiri wa kufanya haki bila kuangalia uso wa mtu, na utupe sisi wazazi na wachungaji unyenyekevu wa kuionyeshwa kadi na kurudi nyuma ya mstari. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu unayemwendea leo, andika Amina hapa chini nikuombee. Huna haja ya kumtaja.


Mchungaji wako