Ravenna, Mji wa Wagothi

Kutoka Bologna, treni hukata mashamba tambarare ya matunda kuelekea Bahari ya Adria, na baada ya saa moja na ushee unashuka Ravenna. Mji mtulivu, watu wanaendesha baiskeli. Makanisa yake ya matofali ukiyatazama nje huyadhanii kitu. Ingia ndani. Kuta na dari zimefunikwa vijiwe vya kioo na dhahabu, na sehemu ya uzuri huo tumeachiwa na ufalme uliodumu miaka 60 tu.

Ni ufalme wa Waostrogothi, tawi la Wagothi. Mfalme wao Theodoric alikulia Constantinople akiwa mateka. Mwaka 493, baada ya kuizingira Ravenna kwa muda mrefu, alikubaliana na Odoacer, aliyekuwa akiitawala Italia, watawale pamoja, kisha akamuua karamuni kwa mkono wake mwenyewe. Damu hiyo haipambiki. Lakini utawala wake uliiletea Italia amani: aliukarabati mfereji ulioiletea Ravenna maji, Seneti ya Roma akaiacha iendelee.

Wagothi walifuata mafundisho ya Arius, kasisi wa Alexandria, Misri, aliyekataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Raia wao Warumi walikuwa Wakatoliki. Wakatoliki walikuwa na jengo lao la ubatizo. Theodoric hakuwanyang'anya, akajenga la watu wake. Yote mawili yapo, na ni mwendo mfupi kwa miguu. Yatembelee siku moja. Katika kila dari Kristo amesimama ndani ya Yordani, mitume wamemzunguka. Nilikaa nimeinua shingo nikitafuta tofauti ya imani, nikaona undugu.

Uzeeni moyo wa mfalme uliingiwa na shaka, akamuua Boethius, mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake. Mwenyewe alifariki mwaka 526. Mwaka 535 Justinian, mfalme wa Warumi wa Mashariki huko Constantinople, alianzisha vita vya kuitwaa Italia. Mwaka 540 jemadari wake Belisarius akaingia Ravenna, na baada ya miaka kumi na ushee Teia, mfalme wa mwisho wa Wagothi, akafia vitani.

Washindi waliyageukia makanisa ya Wagothi. Katika Sant'Apollinare Nuovo, kanisa la kasri la Theodoric, pana picha ya kasri lenyewe. Watu waliosimama kati ya nguzo zake walifutwa, mahali pao pakawekwa mapazia. Lakini angalia nguzo kwa makini: viganja vyao bado vimo, vimetengana na miili yao. Mimi sijaona ukutani ushahidi wa historia unaouma kuliko huo.

Kaburi la Theodoric liko ng'ambo ya reli. Paa lake ni jiwe moja, upana wake yapata mita 10, uzito zaidi ya tani 200, lililovushwa baharini kutoka Istria, ng'ambo ya Adria. Pembezoni lina masikio 12 yaliyochongwa majina ya mitume na wainjilisti. Namna lilivyopandishwa juu ya kuta zile, wahandisi wanabishana hadi leo.