Duara la Nuru na Nukta Tatu: Kumbukumbu ya Mhariri wa Picha ya Nebula

Msomaji asitaraji kukuta humu nadharia ya ufalaki. Mimi ni mwalimu wa uhakiki wa miswada ya kale ya Kiswahili, na darubini niliinunua ukubwani, jamaa zangu wakanicheka. Kilichonisukuma kuandika ni kosa nililolitenda mbele ya kompyuta, mintarafu ya picha ya nebula, ilhali kosa lilo hilo nilikwisha kulitenda nikiwa mwanafunzi, mbele ya karatasi.

Anga ya Dar es Salaam imejaa mwanga wa taa, na apendaye kupiga picha za nebula kutoka juu ya paa la nyumba yake hana budi kutumia vichujio vyembamba. Kichujio cha namna hii huzuia takriban nuru yote, kikaruhusu mstari mmoja tu unaotolewa na gesi fulani: haidrojeni kwenye nanomita 656.3, oksijeni kwenye 500.7, na salfa kwenye 671.6 na 673.1. Kila gesi hupigwa picha yake, tena isiyo na rangi. Rangi huja baadaye, kwa uamuzi wa mhariri. Wanafalaki walioitoa ile picha mashuhuri ya Nebula ya Tai mwaka 1995, iliyopigwa na darubini ya Hubble, waliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu, ingawa haidrojeni yenyewe hung'aa kwa wekundu. Hapo hapana udanganyifu, maadamu kanuni imetajwa. Hata sisi tunapozinukuu hati za Kiarabu kwa herufi za Kilatini tunafanya vivyo hivyo.

Nilichagua Kichwa cha Farasi, lile wingu jeusi la vumbi katika kundi la Orion. Mwezi Januari Orion hupita karibu na utosi wetu hapa Pwani, na mvua za vuli aghalabu huwa zimekwisha. Wingu hilo liligunduliwa mwaka 1888 na Williamina Fleming, alipokuwa akichunguza bamba la kioo la picha huko Harvard. Aliona pengo katika nuru, naye hakulidhania kuwa dosari ya bamba. Laiti ningalimkumbuka mapema.

Tatizo la eneo lile ni Alnitak, nyota kali ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mshipi. Nuru yake hupenya kichujio, ikafika kwenye kipokea nuru cha kamera. Sehemu ndogo huakisiwa nyuma hadi kwenye kioo kilicho mbele yake, kisha hurudi tena ikiwa imekwisha kutawanyika. Ikiwa kioo kiko umbali wa milimita 5, na urefu wa fokasi wa darubini ni mara 5 ya kipenyo chake, basi mwangwi huo wa nuru utachora duara lenye upana wa milimita 2. Kwa darubini yangu ya fokasi ya milimita 400, hilo ni zaidi kidogo ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. Katika picha ya oksijeni hali ilikuwa mbaya zaidi. Oksijeni ni haba pale, hivyo hapana budi kuivuta nuru yake kwa nguvu ili ionekane, na uivutapo, duara nalo hukua pamoja nayo. Picha tatu zilipounganishwa, Alnitak ilikuwa imevaa kilemba cha zambarau.

Programu za siku hizi huweza kuzitenga nyota na gesi. Lakini duara kubwa huizidi programu maarifa: huliona kuwa ni gesi, ikaliacha. Basi nikaanza kufuta kwa mkono. Nilifunika picha yote isipokuwa duara lenyewe, nikaishusha nuru ya ndani mpaka ikalingana na ya nje. Alnitak ikasafika. Sigma Orionis ikasafika. Karibu na Kichwa cha Farasi palikuwa na nyota nyingine, nayo imezungukwa na nuru, nikaisafisha pia. Nilikuwa nimekwisha kushika kasi.

Picha ilikaa ukutani ofisini kwangu majuma mawili. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyekuwa akisubiri sura yake ya pili, aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Samahani, Mwalimu, lile wingu dogo la kando limekwenda wapi?"

Lilikuwa NGC 2023, wingu la vumbi linaloakisi nuru ya nyota iliyomo ndani yake. Nilikuwa nimelifuta kama uchafu. Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulikuwapo. Maduara ya kioo kile kile huwa na upana mmoja kwa kila nyota, na mng'ao wake hufuata ukali wa nyota yenyewe. Ile yangu ya tatu ilikuwa hafifu mno kuweza kuchora duara la kadiri ile, na kingo za nuru yake hazikuwa mviringo. Ningaliigeuza kamera tu, au ningalilinganisha vichujio vitatu, ningaliona.

Miaka mingi kabla ya hapo nilipewa kurasa chache za utenzi ninukuu. Katika ubeti mmoja, chini ya herufi moja, palikuwa na nukta tatu, mbili kati yake zimefifia na kuchafuka. Nikaamua kwamba hizo mbili ni matone ya wino, nikasoma *be* mahali pa *pe*. Paa la nyumba likawa baa la nyumba, na nikaandika aya nzima nikieleza msiba ulioikumba familia ya mtunzi. Mzee aliyenifundisha hakunikemea. Alinipa kioo cha kukuzia, akasema, "Hesabu tena, mwanangu."

Picha nimeihariri upya. NGC 2023 imerudi. Duara la Alnitak nimelipunguza bila kulimaliza, na nyuma ya picha nimeandika kwa kalamu ya risasi ni kichujio kipi kilichoguswa, wapi, na kwa kadiri gani. Zile picha tatu za awali, pamoja na mawaa yake yote, nimezihifadhi katika kabati lile lile lenye nakala za miswada.