Mchumia Juani

Msomaji wangu, wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo nilifundishwa nikiwa mtoto mdogo, nikaiandika kwa mwandiko mzuri, nikapewa alama zote. Lakini mimi ni mzaliwa wa vilima vya chai vya Nyamira, upande wa Keroka, na kwetu neno kuchuma lina maana mbili zinazokutana katika kikapu kimoja: kuchuma majani na kuchuma mali. Mama yangu alichuma juani miaka mingi, na mvuani pia, na jioni alikula kile alichokipata, wala hakikuwa kingi. Basi tangu utoto swali moja limenifuata kama kivuli changu: kwa nini watu wanaotoka jasho sawa hawapati ujira sawa? Nakuomba tulitazame pamoja, maana siku haziko mbali ambapo nawe utaulizwa wataka kufanya kazi gani.

Kwanza uijue nchi yetu. Kisii na Nyamira ni kaunti mbili jirani, zenye mvua ya kutosha, udongo mzuri na watu wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii kila kilometa moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 950. Uzito wa hesabu hii hauonekani katika ramani. Huonekana katika mpaka wa shamba. Babu aligawa ardhi kwa wanawe, nao wakagawa kwa wana wao, mpaka baba yangu akabaki na ekari moja na nusu, nasi tulikuwa wana wawili. Shamba likigawanywa mara nyingi mno huwa halimlishi mtu tena. Ndiyo sababu watu wa kwetu hutafuta ujira: wengine katika shamba la jirani, wengine katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wengine mjini, na wengine darasani.

Mimi nilielekezwa darasani. Nilipofaulu mtihani, baba aliuza nusu ekari ili anipeleke chuo cha ualimu. Kaka yangu, ambaye kwa desturi alikuwa na haki katika ardhi ile, aliitwa akaulizwa, naye akakubali bila neno. Siku nilipoondoka baba aliniambia, "Tangu leo wewe ndiwe shamba letu." Sikuelewa maana ya usemi ule mpaka nilipohitimu, nikatoka na cheti mkononi, na shamba lile likakaa miaka kadhaa bila kuzaa. Waalimu wenye vyeti walikuwa wengi, na nafasi za serikali zilikuwa chache. Nikapata kazi katika shule ya mtu binafsi. Chaki ilikuwa ile ile, somo lilikuwa lile lile, na watoto walikuwa watoto wale wale. Mshahara tu ndio uliokuwa sehemu ndogo ya ule wa mwenzangu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Waalimu. Tazama basi, msomaji: kazi moja, cheti kimoja, ujira mbalimbali.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Waalimu wa Tume waliendelea kupokea mshahara. Sisi tuliokuwa tukilipwa kwa karo za wazazi tulikatiwa, kwa kuwa karo haikuwapo. Nilirudi nyumbani, na asubuhi moja nikachukua kikapu nikamfuata mama katika shamba la jirani, nikiwa na kiburi cha siri kwamba kazi isiyohitaji cheti haiwezi kumshinda mwenye cheti.

Kazi ile ilinifundisha adabu. Chai njema huchumwa majani mawili na kichipukizi chake; jani gumu likizidi katika kikapu, karani wa kituo hulikataa. Vidole vya mama vilikwenda juu ya michai kama mvua nyepesi, visisimame wala visikosee. Vyangu vilipapasa. Jioni mizani ilinipimia kilo kumi na moja; mama alipimiwa arobaini na tatu. Kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa kilo, siku hiyo mwalimu alipata robo ya ujira wa mama yake. Mama hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, hata hiki ni kisomo."

Nilikumbuka usiku ule jambo nililosoma chuoni. Mwaka 1776 Adam Smith, mtaalamu wa Scotland, alitoa kitabu juu ya utajiri wa mataifa, na humo akataja sababu tano zinazofanya ujira wa kazi moja utofautiane na wa nyingine. Ya kwanza ni kupendeza au kuchukiza kwa kazi yenyewe. Ya pili ni urahisi au ugumu wa kujifunza, pamoja na gharama yake. Ya tatu ni kudumu au kukatika kwa kazi. Ya nne ni ukubwa wa amana anayopewa mtenda kazi. Ya tano ni matumaini ya kufaulu. Nilizichukua sababu zile nikazipima kwa mizani ya vilima vyetu, na sasa nakuonyesha nilichokiona.

Ikiwa kazi inayochukiza ililipwa zaidi, basi wachimbaji wa mawe wa Tabaka wangekuwa matajiri. Tabaka, katika kaunti ya Kisii, ndiko linakotoka jiwe laini linalochongwa vinyago, sahani na ndovu wadogo wanaopamba nyumba za watu wa mbali. Mwanamume hushuka shimoni kwa sururu, na wakati wa mvua huogopa ukingo usimwangukie. Mchongaji huvuta vumbi jeupe kifuani kutwa. Wanawake hukaa na karai la maji wakisugua kinyago kwa msasa mpaka king'ae. Kazi ni ngumu na sanaa ni kubwa, lakini aliyetoa jasho la kwanza hupata sehemu ndogo ya bei anayoilipa mnunuzi wa mwisho, kwa kuwa kati yao kuna mikono mingi, na kila mkono hubakiza kitu.

Sababu ya amana nayo ilinishangaza. Ni nani apewaye amana kubwa kuliko yaya, anayeachiwa mtoto mchanga kutoka asubuhi hadi jioni? Hata hivyo yaya ni miongoni mwa wanaolipwa kidogo kabisa. Na juu ya ugumu wa kujifunza, umekwisha kuona kwamba vidole vya mama vilikuwa na elimu ambayo mimi sikuwa nayo. Lakini vidole kama vile ni vingi katika kila kijiji. Mchumaji mmoja akikataa ujira, mwingine yuko mpakani anangoja. Hapo nikafahamu kwamba ustadi peke yake haupandishi ujira. Hupandishwa na ustadi ambao walio nao ni wachache kuliko wanaouhitaji. Na wala cheti si kinga, kwa sababu vyeti navyo vikiwa vingi huwa kama vidole.

Usidhani, hata hivyo, kwamba jirani mwenye shamba alikuwa akimdhulumu mama. Yeye naye hapangi bei. Majani yake huenda kiwandani, na kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo huuzwa Mombasa katika mnada, kwa dola, na wanunuzi wakubwa ni wa Pakistani, Misri na Uingereza. Mkulima hulipwa kiasi kila mwezi, na baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni hungoja malipo ya pili ambayo watu huyaita bonasi. Bonasi ikinona, karo hulipwa na mabati hununuliwa. Ikikonda, kijiji kizima hunyamaza. Mchumaji ndiye wa mwisho katika mnyororo huo: bei ikianguka humfikia upesi, ikipanda, aghalabu huishia kwa mwenye shamba.

Hata sheria hutambua kwamba mahali hubadilisha thamani ya mkono. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika majiji kama Nairobi na Mombasa kuwa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi. Kibarua huyohuyo akiwa mashambani, nje ya majiji na miji iliyokuwa na manispaa, kima chake kilikuwa shilingi 8,109 na senti 90. Viwango hivyo vilipandishwa mwaka 2024, lakini mchumaji alipwaye kwa kilo katika shamba la jirani, leo hapa na kesho pale, ni nadra kuzisikia amri hizo.

Ilibaki sababu ya kudumu kwa kazi, na hiyo nilifundishwa na kaka yangu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na barabara zetu zikajaa bodaboda. Kaka alikuwa mmoja wao. Siku ya soko, abiria wakiwa wengi, alipata fedha ambayo mwalimu angeionea wivu. Siku ya mvua alishinda chini ya mti akiwa na njaa. Tena pikipiki haikuwa yake: kila jioni, apate asipate, alimpelekea mwenye pikipiki fungu lake kwanza, kisha akahesabu kilichobaki. Nilipomuuliza mapato yake kwa mwezi ni kiasi gani, alicheka akasema, "Mwalimu, mwezi ni wa watu wa mshahara. Mimi nina leo tu."

Nilipoajiriwa hatimaye na Tume, mwaka 2021, niliyakumbuka maneno hayo. Tofauti kubwa kati yangu na kaka haikuwa akili wala bidii, wala hata kiasi cha fedha katika siku moja. Mimi nilipewa kesho, naye alikuwa na leo tu. Mwenye kesho aweza kupanga, kukopesheka na kuugua bila kufa njaa. Na kesho yangu ilinunuliwa kwa nusu ekari ambayo nusu yake ilikuwa ya kaka.

Niliweka akiba miezi kumi na minane. Kisha nikampelekea kaka fedha ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Alisita. "Sikukukopesha, ndugu yangu," akasema. Nikamjibu, "Ardhi ile haikuwa yangu peke yangu." Alipokea. Sasa hupita barabara ile ile na kubeba abiria wale wale kwa nauli ile ile, lakini fungu la jioni hubaki nyumbani kwake. Kazi haikubadilika, kilichobadilika ni mwenye chombo.

Basi, msomaji, utakapochagua kazi usiulize mshahara tu. Uliza ni wangapi wawezao kuifanya, na wangapi waihitajio. Uliza bei yake hupangwa na nani, na wapi. Uliza kama ina kesho. Uliza chombo ni cha nani. Ukisha kupata majibu, chagua kwa ushujaa. Lakini usimpime mtu kwa ujira wake, kwa kuwa umekwisha kuona kwamba ujira haupimi jasho wala ustadi wala uaminifu.

Siku hizi mama huchuma michai yetu michache tu, kwa hiari yake, asubuhi kabla jua halijapanda. Mimi hurudi kutoka shuleni nikamkuta amekwisha pika. Methali ya utotoni ni ya kweli, nami ni shahidi wake: nakula kivulini kila siku. Lakini aliyechuma juani si mimi.